"Está flojo" au "es flojo"? Maneno ya uvivu na mwendo wa kobe katika Kihispania

Mpanga Maua, Nakuru

Hamjambo nyote. Ninaishi Nakuru mjini, nami hufanya kazi katika shamba moja la maua upande wa Naivasha. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikijifunza Kihispania usiku kwa kutumia simu, kwa sababu baadhi ya wanunuzi na wataalamu wanaotutembelea huzungumza lugha hiyo, na msimamizi anayeweza kuwaamkia kwa lugha yao husikilizwa upesi.

Wiki iliyopita nilijiaibisha. Mnunuzi kutoka Uhispania alisimama kando ya meza ya kupangia waridi akimtazama kijana mmoja aliyefunga shada moja wakati wenzake walikuwa wamekwisha kufunga matatu. Nilitaka kumweleza mgeni kwa sauti ya chini kwamba kijana yule ni mvivu, nikasema "está flojo", maana neno "flojo" nimelisikia mara nyingi mno katika video za Meksiko. Mgeni alikunja uso kwa huruma, akavuta kiti, akamketisha kijana, kisha akaniuliza kama alikuwa amekunywa chai asubuhi. Kijana mwenyewe, ambaye hajui hata neno moja la Kihispania, aliketi kwa furaha na hakuinuka mpaka saa nne.

Siku iyo hiyo, mtaalamu wetu wa udongo, mama mmoja kutoka Kolombia, alifungua barua pepe ndefu niliyomwandikia, akashusha pumzi na kusema "¡qué pereza!". Kamusi yangu inasema kwamba "pereza" ni uvivu. Je, alikuwa akiniita mvivu, mimi niliyekesha nikiiandika barua hiyo?

Naomba mwenye ujuzi anifafanulie maneno haya: lipi hutumika wapi, lipi ni tusi, na ni vipi mtu husema kwamba yeye mwenyewe leo hana hamu ya kufanya kazi. Nahitaji pia maneno ya kueleza mtu anayejikokota bila kuwa mvivu, kwa kuwa nimeanza kushuku kwamba kijana wangu yumo katika kundi hilo.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Ndugu Mpanga Maua, pole kwa yaliyokupata, ingawa nakiri kwamba nimecheka mpaka wajukuu wakaja kuuliza kulikoni. Ulisema maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa na kasoro.

Tuanze na "está". Kihispania kina vitenzi viwili mahali ambapo sisi hutosheka na "ni". Kitenzi "ser", ambacho hapa hutoa "es", hueleza jinsi mtu alivyo, yaani tabia yake, ilhali "estar", ambacho hutoa "está", hueleza hali aliyomo kwa sasa. Kwa hiyo mgeni alipokusikia ukisema "está flojo", alielewa kwamba kijana yu hoi, pengine kwa njaa au homa. Alitenda kama mtu yeyote mwenye utu angalitenda.

Sasa "flojo" lenyewe. Neno hili limetokana na Kilatini "fluxus", lenye maana ya kitu kinachotiririka, kisichoshikamana. Kamba isiyokazwa ni "floja", skrubu inayochezacheza ni "flojo", na chai iliyotiwa majani kidogo pia ni chai "flojo". Utaona kwamba Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo: sisi husema kamba imelegea, kisha tukamwita mtu mlegevu. Tofauti ni kwamba Wameksiko, Waperu na Wachile wanaposema "es flojo" huwa wamefika kabisa kwenye uvivu, ilhali kwa Wahispania maana inayotangulia ni ile ya udhaifu na kutokazwa.

Kuhusu yule mama Mkolombia, ondoa shaka. "¡Qué pereza!" huelekezwa kwa jambo, wala si kwa mtu. Kwake ni kama kusema, "Jamani, kazi hii nayo!" Aliyelaumiwa ni urefu wa barua yako, na mwakani labda utaandika mistari kumi.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, kwa hivyo niruhusu nikawie kidogo. Mhispania asiye na hamu ya kuosha vyombo hasemi "mimi ni mvivu". Husema "me da pereza", ambapo uvivu ndio mtendaji na yeye ndiye anayetendewa. Nasi je, hatusemi "nimeshikwa na uvivu", kama vile mtu hushikwa na usingizi au na mafua? Lugha zote mbili zimempa mtu mlango wa kutokea bila kujipaka tope. Umbo hilo la "me da" hubaki vile vile karibu kila nchi, ila neno la mwisho hubadilika. Meksiko utasikia "me da flojera". Chile husema "me da lata", na "lata" kwa kawaida ni mkebe wa bati. Ajentina na Uruguay watu wana "fiaca", neno walilolipata kwa wahamiaji Waitalia waliomiminika Buenos Aires, maana Kiitaliano "fiacca" ni uchovu. Mtu wa huko hupiga simu Jumapili na kusema "tengo fiaca", nina fiaca, na hakuna anayemwona mkosaji.

Tabia ya kudumu ina maneno yake. "Vago" ndilo neno la kila siku nchini Uhispania. Asili yake ni Kilatini "vacuus", yaani tupu, na ukilitamka mbele ya mhusika jiandae kwa ugomvi mdogo. "Haragán" husikika sana Amerika ya Kati na kwenye nchi za Río de la Plata, yaani Ajentina na Uruguay, hasa katika vinywa vya akina mama wanaowaamsha watoto. Venezuela "haragán" ni pia kile chombo chenye ukingo wa mpira na mpini mrefu cha kusukumia maji sakafuni, ambacho kwa kweli hufanya kazi kuliko wengi wetu. "Holgazán" lina harufu ya vitabu. Huhusishwa na kitenzi "holgar", kupumzika, ambacho asili yake ya mbali ni neno la Kilatini la mvukuto wa mhunzi: mtu aliyesimama kuhema, pumzi zikiingia na kutoka. Kutokana na kitenzi hicho hicho limezaliwa pia neno "huelga", ambalo ni mgomo wa wafanyakazi. Nilipokuwa kazini niligoma mara kadhaa, na mkuu wangu wa shule angelifurahi sana kuijua nasaba hiyo.

Ushauri wangu kwa kijana wako: mbele ya mnunuzi usitumie jina lolote kati ya hayo. Sema "va lento", anakwenda polepole, au "le falta práctica", hajazoea bado. Ukisema "es lento" utakuwa umegusa akili yake, kama vile sisi tunaposema mtu ni mzito.

Mkimbiaji wa Zamani, Kapsabet

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe karibu katika yote, ila kuhusu "flojo" nina la kusema. Nilikaa misimu minne Uhispania nikishiriki mbio za barabarani na za nyika, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa Granada. Watu wa Andalusia, kusini mwa Uhispania, walikuwa wakiitana "flojo" waziwazi kwa maana ya mvivu, tena kwa vicheko. Huenda mgeni wa Mpanga Maua alikuwa mtu wa kaskazini, au ni ile "está" pekee iliyompoteza.

Nimpe ndugu yetu misemo niliyoisikia mwenyewe, kwa sababu kamusi huipa nafasi ndogo. Mtu asiyegusa kazi husemwa kwamba "no da palo al agua", neno kwa neno "hapigi maji kwa mti". Mti unaosemwa hapo huelezwa kuwa ni kasia: wenzake wanapiga makasia, yeye amekaa tu chomboni akibebwa. Nyinyi wa Kisumu mnaowaona wavuvi wakirudi Dunga asubuhi hamhitaji ufafanuzi zaidi. Msemo mwingine ni "más vago que la chaqueta de un guardia", mvivu kuliko koti la askari. Niliuliza watu watatu koti hilo limekosa nini, nami nikapata majibu matatu tofauti, nikaamua kulitumia bila kuuliza tena.

Kwa mwendo wa polepole wana "a paso de tortuga", ambao ni mwendo wa kobe wetu, na wana "ir pisando huevos", kwenda kama mtu anayekanyaga mayai. Dereva anayetambaa barabarani mbele yako hutukanwa kwa msemo huo. Lakini niliupenda zaidi ule wa "más lento que el caballo del malo", mwenye mwendo mzito kuliko farasi wa mtu mbaya. Anayesemwa ni yule mhalifu wa filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani: hata atoroke mapema namna gani, farasi wake lazima afikiwe na wa shujaa. Kocha wetu aliniita hivyo mchana kutwa siku niliyoshindwa kumaliza mizunguko ya mita elfu moja. Kompyuta au intaneti inayosuasua nayo "va a pedales", inaendeshwa kwa pedeli. Niliporudi nyumbani nikapanda bodaboda ya baiskeli pale Kondele, nilicheka peke yangu.

Nitoke nje ya njia kidogo: yule mkimbiaji anayelipwa kuongoza kasi kwa kilomita za mwanzo, sisi tunayemwita "pesa" (kutoka Kiingereza "pacer"), wao humwita "liebre", yaani sungura. Mtu aliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Kobe anajua kwamba si jina la kujivunia sana kwenye mstari wa mwisho.

Jambo moja linaniudhi. Watu wengi hapa kwetu hudhani kwamba "siesta" ni jina la uvivu wa Wahispania. Neno hilo limetokana na Kilatini "hora sexta", saa ya sita kutoka macheo, na Mswahili hana haja ya kupiga hesabu yoyote, kwa kuwa saa sita ni saa sita. Ni usingizi wa saa sita. Kambini hapa Nandi sisi hukimbia alfajiri, tukala, tukalala mchana, na jioni tukatoka tena, na sijawahi kusikia mtu akimwita bingwa mvivu kwa sababu hiyo.

Binti wa Muhoroni

Hamjambo wakubwa zangu. Nimesoma Kihispania chuoni kwa mwaka mmoja tu, lakini kuna neno moja ambalo nadhani ninalijua kuliko mwalimu wangu, nalo linamfaa sana yule kijana wa waridi. Neno hilo ni "cachaza".

Kwa maana ya mazungumzo, "cachaza" ni ule utulivu wa mtu asiyesukumwa na lolote, anayefanya jambo kwa taratibu zake hata nyumba ikiwaka moto. Mtu wa namna hiyo si mvivu, maana kazi ataimaliza, ila wewe unayemngoja ndiye utakayezeeka. Hata hivyo, neno hilo hilo ni pia jina la povu la kwanza linalopanda juu wakati maji ya miwa yanapoanza kuchemka. Baba yangu huchemsha sukari nguru, na tangu nikiwa na miaka tisa kazi yangu ilikuwa kulitoa povu hilo kwa bati lililotobolewa matundu. Ni zito, rangi yake ni ya matope ya kijivu, linanata kwenye vidole, na haliji juu kwa pupa: hukaa kwanza pembezoni mwa karai, likajikusanya, likasogea katikati kidogo kidogo, na ukilichokoza kabla ya wakati linazama na kuiharibu rangi ya sukari. Profesa alipoandika maana zile mbili ubaoni bila kuziunganisha, nilikuwa tayari nimekwisha kuziunganisha mwenyewe.

Ndugu yake ni "pachorra", ambalo lina maana inayokaribiana na hiyo lakini halina povu. Husemwa "¡qué pachorra tienes!" kwa mtu anayekata kitunguu dakika ishirini wakati wageni wamekaa mezani.

Kuna pia "aplatanado", kutoka "plátano", ndizi. Nchini Uhispania ni mtu aliyelegezwa na joto au na kukaa kwingi mpaka hana nguvu ya kuinua mkono. Kule Kuba, nasikia, ni mgeni aliyezoea maisha ya wenyeji hadi akawa kama wao. Mama yangu ni Mkisii, na kwa jinsi anavyoipenda ndizi hakubali kwamba inaweza kumlegeza mtu yeyote.

Mpanga Maua, Nakuru

Asanteni sana, tena sana. Dada wa Muhoroni, nimemtazama kijana wangu upya leo. Anapanga kila waridi kwa urefu, anageuza shada, anakagua majani ya chini, kisha ndipo anapofunga. Mashada yake ni machache lakini katika wiki nzima halijarudishwa hata moja, ilhali ya wale wenye kasi yamerudishwa saba. Basi ni "cachaza", nami nilikuwa nimemvika jina lisilo lake.

Nimebakiwa na maneno mawili. La kwanza ni "huevón", ambalo wale vijana wa video za Meksiko hulitumia kila dakika, nami nilikuwa karibu kulitumia kwa mnunuzi. La pili ni "gandul". Kamusi inasema ni mvivu, lakini nimeona mapishi ya Puerto Rico yaitwayo "arroz con gandules", na kwa Kihispania changu hicho kidogo nimesoma "wali kwa wavivu". Je, ni chakula cha watu wasiopenda kupika?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Marahaba, Mkimbiaji, na kuhusu Andalusia umenisahihisha ipasavyo. Nilijifunza kwa vitabu na kwa mapadre wawili wa Castilla, na upungufu huo hujitokeza.

Ndugu Mpanga Maua, mshukuru Mungu kwamba ulitamka "flojo" na si lile jingine. "Huevón" limetokana na "huevo", yai, na mayai yanayosemwa hapo hayakutagwa na kuku yeyote. Picha iliyomo ni ya mwanamume aliyelemewa na uzito wa mwili wake mwenyewe hata asiweze kuinuka. Meksiko humaanisha mvivu, na "qué hueva" ni ule uvivu unaomshika mtu. Chile, ambako hulitamka "weón", huweza kuwa mjinga, au rafiki, au alama tu ya kumalizia sentensi. Vijana huitana hivyo wao kwa wao bila hasira. Msimamizi akimwambia mfanyakazi, au mgeni akimwambia mwenyeji, ni matusi. Uliache huko kwenye video. Vile vile ujihadhari na "me da paja" ya vijana wa Chile na Ajentina, ingawa "paja" katika kamusi ni majani makavu tu.

"Gandul" lina historia ndefu zaidi. Asili yake ni Kiarabu, kama lilivyo neno letu "ajizi" la katika methali ya nyumba ya njaa, na Wahispania wamelitumia kwa karne nyingi kumwita mtu anayezurura pasi na kazi. Mwaka 1933 bunge la Uhispania lilipitisha sheria dhidi ya wazururaji na wahalifu, iliyoitwa "Ley de Vagos y Maleantes". Wananchi, kwa kuwa jina hilo lilikuwa refu, waliifupisha wakaiita "la Gandula", kana kwamba sheria yenyewe ni mwanamke mvivu. Jina la utani lilidumu, na sheria hiyo ikabadilishwa na nyingine mwaka 1970. Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba hata sisi tulikuwa na sheria ya uzururaji, na kijana aliyeonekana mjini bila kazi alijua namna ya kutembea haraka haraka kama mtu mwenye shughuli.

Dada wa Muhoroni ataniruhusu niongeze neno moja katika kikapu chake, nalo ni "lerdo", linalomaanisha mtu mzito wa mwili na wa akili, na ambalo ni kali kuliko "lento". Msilitumie ovyo, hasa mkiwa Meksiko, kwa kuwa rais aliyeitawala nchi hiyo kuanzia 1872 hadi 1876 aliitwa Sebastián Lerdo de Tejada, na wapo watu wengi wenye majina ya namna hiyo wasiopenda mzaha huo.

Sasa kuhusu wali wako. Katika Puerto Rico na nchi jirani, "gandules" ni mbaazi. Ni zile zile mbaazi tunazozijua, zikiwa mbichi na za kijani, zinazopikwa pamoja na mchele katika sufuria moja, wala jina hilo halihusiani na tabia ya mpishi. Tena si chakula cha haraka. Ukizipata mbichi pale Kibuye, itakubidi ukae kitako uzimenye moja moja, na hapo ndipo utakapomhitaji yule kijana wako.